Ripoti Imekuwa Nyepesi, Simu Zimenyamaza

Shangazi Hajra, shikamoo. Naomba uniazime sikio na unisaidie, maana nimefanya jambo ambalo nikimweleza mtu wa ofisini atacheka, na nikitaka kumweleza mtu wa nyumbani, huko nyumbani hakuna mtu wa kumweleza. Jina langu naomba usilitoe, na hawa ninaowataja humu uwabadilishie majina, hawana kosa lolote, mwenye kosa ni mimi.

Nafanya kazi Kibaha kwenye kampuni inayouza vifaranga na chakula cha kuku, na kazi yangu ni kutengeneza ripoti za biashara. Kwa asiyeijua kazi hii ni hivi, kila ghala letu, la Mlandizi, la Soga, la Chalinze, la Kisarawe mjini na la Maneromango, linaingiza mauzo yake kwenye mfumo, na mimi nayachukua yale mauzo nayapanga kwenye ukurasa mmoja wenye michoro na rangi zake, ili msimamizi wa ghala akifungua simu yake asubuhi aone amebakiwa na mifuko mingapi, wateja gani wanasubiri vifaranga, na ajue aagize nini kabla gari halijaondoka Kibaha. Ndiyo kazi yenyewe, na naipenda, ingawa hakuna mtu anayeweza kukaa na wewe chakula cha mchana mkaongea habari za ripoti mpaka mkamaliza sahani.

Shida ilikuwa uzito. Ripoti ilikuwa nzito kupita kiasi, niliikuta imejengwa na mtu aliyeshaondoka, kila inapofunguliwa inabeba mauzo yote tangu kampuni ianze, ya maghala yote kwa pamoja, inaanza kuyajumlisha upya mbele ya macho ya mtu, na juu yake kila bosi aliyewahi kupita pale aliomba awekewe mchoro wake na hakuna aliyewahi kuomba mchoro utolewe. Sasa msimamizi yuko ghalani, mtandao wa kubahatisha, anafungua anakutana na kile kiduara kinazunguka, anasubiri, anachoka, ananipigia mimi. Kwa kuwa ofisini mtandao una nguvu, mimi kwangu inafunguka, basi namsomea. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo, Tito wa Mlandizi hasalimii, anasema tu "Dada wa ripoti, fasta, gari linaondoka", Jenifa wa Soga anacheka kwanza ndipo aseme shida yake, na wengine vivyo hivyo, simu ikikatika hii inaingia nyingine.

Shangazi, nikueleze na kwangu ili unielewe. Naishi Picha ya Ndege. Nilinunua kiwanja nikajenga vyumba viwili na ukuta, na wakati najenga nilikuwa na furaha sana, nikijua nakwenda kupata majirani, kumbe majirani wote ni watu wa kazini, wanatoka alfajiri kuwahi Dar, wanarudi wamechoka, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mpaka leo nawajua kwa rangi za mageti yao. Mimi si mwenyeji wa huku, kwetu ni Ngara, wazazi walishatangulia mbele za haki, kaka yangu Telesphory yuko Geita na tunaongea sikukuu au akiwa na shida. Mchumba nilikuwa naye, akaondoka, hilo nimeshalimaliza na siyo lililonifanya nikuandikie. Kanisani naenda, nakaa benchi la nyuma, misa ikiisha natoka. Ofisini nako nimewekwa chumba kimoja na mitambo ya kompyuta, baridi kali kwa ajili ya kuipooza, nafanya kazi nimevaa sweta, na mtu akifungua mlango ujue amepotea njia. Kwa hiyo zile simu za asubuhi, ambazo watu walikuwa wanaziona ni kero, kwangu mimi ndizo zilikuwa sauti za binadamu katika siku yangu.

Na katika sauti zote hizo ilikuwepo moja, ya Bi Mwanajuma, msimamizi wa ghala la Maneromango. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa huko huko Kisarawe, na ndiye mtu pekee katika kampuni nzima aliyewahi kuniuliza jina. Siku ya kwanza alipopiga nilipokea kwa mazoea nikasema, "Ripoti hapa," akanijibu, "Ripoti ndiyo jina la mtu? Mama yako alikuita nani?" Nikamwambia, na tangu hapo ananiita kwa jina langu. Hajawahi kuanza na hesabu hata siku moja. Nikisema shikamoo anaitikia marahaba mwanangu, umeamkaje, chai umekunywa, nyumbani hawajambo, na mimi naitikia hawajambo mama, kwa sababu ndivyo mtu anavyoitikia, nani anaanza kueleza kwenye simu ya kazini kwamba nyumbani hakuna mtu. Basi yeye akaelewa nina familia. Siku nyingine akauliza, "Na watoto?" nikasema hawajambo. Shangazi, mimi sina watoto. Neno lilishatoka, sikujua nilirudisheje, na likaendelea hivyo hivyo kila asubuhi mpaka sasa anawaombea dua wakati wa mitihani.

Salamu zikiisha ndipo anasema, "Haya mwanangu, hiki kiduara chako nimekiacha kinazunguka, nimepika chai, nimekunywa, nimeosha na kikombe, chenyewe bado kinazunguka tu. Nisomee." Nami namsomea, chakula cha kuanzia, cha kukuzia, cha kutagia, vifaranga vya nyama, vya mayai, na katikati ya kusoma ananikatiza anihadithie habari za mkwewe asiyejua kufunga mzigo kwenye pikipiki, au jirani yake Zuwena anayewalisha kuku wali kisha anashangaa kwa nini hawatagi. Nacheka mwenyewe kwenye lile baridi. Nikikata simu chumba kinakuwa kimya, lakini ni kimya cha mtu aliyetoka kuongea, na hicho naweza kukaa nacho mpaka jioni.

Sasa mwaka huu meneja wa mauzo, Bwana Hashiru, aliniita akasema malalamiko yamezidi, wasimamizi wanapoteza asubuhi nzima kwenye simu, niirekebishe ripoti iwe inafunguka upesi. Niliirekebisha, na siyo kwamba najisifu, lakini niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilianza kwa kuondoa. Michoro isiyoangaliwa na mtu niliitoa yote ikabaki michache ya lazima, mauzo ya miaka ya nyuma niliyaweka pembeni, anayeyahitaji ayafuate huko, kila ghala nikalipatia mambo yake peke yake, Soga isibebe ya Chalinze, na zile hesabu za kujumlisha nikazihamishia alfajiri ili mtu akifungua akute kila kitu kimeshapikwa, kazi yake ni kupakua. Nilipoijaribu kwenye simu yangu ilifunguka hata kidole sijakitoa. Nilikaa pale naifungua naifunga, naifungua naifunga, kwa raha tu.

Tuliitoa Jumatatu. Asubuhi ile nilikaa na chai yangu na simu mezani kama siku zote, na hakuna aliyepiga isipokuwa mtu mmoja, na huyo nitakueleza sababu. Tito kimya. Jenifa kimya. Nikafikiri labda simu ina hitilafu, nikatoka hadi mapokezi nikajipigia kwa simu ya ofisi nione kama inaita. Iliita. Nikaipokea, Shangazi, nikasimama pale na simu mbili masikioni, nikasema haloo na kujisikia mwenyewe. Dada wa mapokezi aliniangalia akarudi kwenye kazi zake. Mchana Bwana Hashiru akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwamba ripoti mpya ni mkombozi, watu wakaweka vidole gumba vingi, na hakuna aliyeandika neno.

Sasa kosa langu ni hili. Siku nilipokuwa natuma ukurasa mpya kwa kila ghala, nilipofika kwa Maneromango mkono ulisita. Nikajiambia mtandao wa kule ni dhaifu, ngoja nijaribu kwanza kwa wengine, wiki moja tu. Wiki ikaisha nikasema majaribio bado. Hakukuwa na majaribio yoyote. Nilimwacha Bi Mwanajuma peke yake kwenye ripoti ya zamani ili aendelee kunipigia, na ameendelea, kila asubuhi, anatoka ghalani anasogea mpaka karibu na misheni ambako mtandao unashika, mvua au jua, ananisalimia na kuniomba nimsomee. Na kinachoniumiza ni kwamba anaomba radhi. Anasema, "Nakusumbua mwanangu, wenzangu naambiwa wanafungua wenyewe, mimi simu yangu hii imezeeka kama mwenyewe." Juzi ameniambia amewauza majogoo wake anunue simu kubwa, ameshainunua, ameiwasha, na kiduara kinazunguka vilevile. Safari hii hakucheka. Alisema, "Basi ni mimi. Simu mpya, kumbe mjinga ni mimi." Na mimi nikaendelea kusoma idadi ya mifuko.

Halafu Bwana Hashiru akaja chumbani kwangu, mwenyewe, akakaa. Akasema, "Maghala yote yametulia isipokuwa Maneromango. Yule mama hauwezi mfumo, tunampumzisha, tunaweka kijana. Wewe ndiye mtaalamu, niandikie maelezo kwamba ameelekezwa na ameshindwa, nipate Ijumaa." Nikasema sawa. Nilisema sawa, Shangazi, kama mtu aliyeagizwa soda.

Sasa niko hapa sijui nishike lipi. Nikisema ukweli naweza kufukuzwa kazi, ila si hilo linaloniogopesha zaidi. Naogopa kwamba Bi Mwanajuma akiipata ripoti nyepesi hatakuwa na haja ya kunipigia, na akijua nilichomfanyia hatataka hata kuisikia sauti yangu. Nikiandika hayo maelezo atatolewa kazini na sauti nitaikosa vilevile. Nimewaza na njia ya tatu, nimtumie ripoti mpya kimyakimya, nimwambie Bwana Hashiru mama ameshajifunza, yaishe bila mtu kuumia. Naomba uniambie nifanye nini, na kama utanigombeza nigombeze tu, angalau nitakuwa nimesemeshwa.

Ni mimi, Dada wa Ripoti, Picha ya Ndege.

SHANGAZI HAJRA ANAJIBU

Marahaba. Majina nimeyabadilisha, ingawa wenyewe wa Maneromango watajuana.

Nianze kwa kukugombeza kama ulivyoomba, tulimalize. Umemfanyia mama wa watu ubaya, binti, na usiufunike kwa upweke wako. Mtu mzima anatembea na mvua mpaka misheni, anauza majogoo wake, anajiita mjinga kwa mdomo wake mwenyewe, na wewe umeshika jibu mkononi unamsomea idadi ya mifuko. Kama angekufanyia mtu mwingine hivyo ungeniandikia barua ya kurasa kumi kumlalamikia. Ile siku aliposema "mjinga ni mimi" ndiyo ilikuwa siku ya kusema, na hukusema. Hilo ulibebe wewe, mimi siwezi kukupokea.

Nimemaliza kugombeza. Sasa njoo ukae.

Hukuwa na nia mbaya, hilo naliona. Mtu anayekaa na mitambo kutwa, akirudi anakuta ukuta alioujenga mwenyewe, halafu kwenye simu anatokea mama anamuuliza chai umekunywa, lazima aishike ile simu kwa mikono miwili. Mimi ningeishika. Nilipofika pale ulipojipigia simu mapokezi, niliiweka barua yako chini nikaenda kuchuma mchicha, nikarudi baadaye. Nakuambia ili ujue umesikika.

Ila kuna kitu umekielewa kinyume. Unafikiri watu walikuwa wanakupigia na sasa wamekuacha. Tito hakuwahi kukupigia wewe, alikuwa amekwama, na mtu aliyekwama anamwita yeyote aliye karibu. Amekwamuka, ameondoka na gari lake, ndivyo inavyotakiwa. Usimkasirikie, na kazi yako usiionee aibu, kwa sababu ni nzuri, asubuhi ya watu wengi imekuwa rahisi kwa sababu yako hata kama walikulipa kwa vidole gumba. Mimi kompyuta naiona kwa majirani, lakini kuondoa visivyo na kazi na kupika kabla wageni hawajafika naelewa, na aliyefanya hivyo anajua kazi.

Bi Mwanajuma ni mwingine. Huyo naye alikuwa amekwama, lakini aliyekwama haulizi mama yako alikuita nani. Hahadithii habari za mkwe. Wewe mwenyewe umeniandikia haya yote kwa mkono wako na bado unasema anakupigia kwa sababu ya kiduara. Nafikiri nimekujua: unaogopa kuiondoa ile sababu, usije ukagundua kwamba bila hiyo hakutaki mtu. Kwa hiyo umeamua usijue. Umemweka mama wa watu kwenye foleni ili wewe usijue.

Ile njia yako ya tatu naifuta. Unaiona ya upole kwa sababu hakuna atakayekupigia kelele. Lakini ukimtumia ripoti mpya kimyakimya, Bi Mwanajuma ataishi akiamini alikuwa mzito wa kichwa kwa muda wote huo na wenzake waliona. Kuna wanawake wa umri wake wanaoacha kugusa simu kabisa kwa aibu kama hiyo. Usimwachie hilo. Na kwa Bwana Hashiru atabaki kuwa yule mama aliyechelewa, akikosea kidogo tu mwakani atakumbukwa.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, kabla ya kitu kingine, mtumie ripoti mpya. Usisubiri kupanga maneno. Kila saa unayopanga maneno, yeye kiduara kinamzungukia.

Kisha mweleze yeye, kabla ya bosi, maana aliyekosewa ni yeye. Mweleze kwa sauti, usimwandikie ujumbe, ujumbe ni kujificha. Mwambie ripoti ya wenzako ilibadilishwa, yako sikuibadilisha, nilifanya makusudi, simu yako haikuwa na kosa na wewe hukuwa na kosa. Mwambie na sababu, usiipambe wala usiikatekate. Na hapo hapo umwambie la watoto. Ndiyo, na hilo. Mama wa watu anaomba dua za mitihani kwa watoto ambao hawapo, hebu mpumzishe. Huna haja ya kueleza sana, mwambie nyumbani niko peke yangu na nilishindwa kukuambia. Wanawake wa pwani tunaijua "hawajambo" ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi, huenda alishakisia zamani akakustahi. Huenda pia hakukisia, akaumia. Utajua ukishasema.

Majogoo ulipe. Usimtumie hela kwenye simu kama unalipia umeme, nenda sokoni uwachague mwenyewe, wenye afya, umpelekee. Unafanya kazi kwenye kampuni ya kuku, hilo lisikushinde. Panda gari mpaka Kisarawe mjini, kisha gari za Maneromango, njia mbovu naijua, vaa nguo isiyokuuma kuchafuka. Umepajua kwa kusomea mifuko tu, ukapaone.

Halafu Ijumaa mpelekee Bwana Hashiru maelezo aliyoyataka, ila yawe ya kweli. Yawe mafupi: ghala la Maneromango halikupewa ripoti mpya, aliyeliacha ni mimi, msimamizi wake hajashindwa kitu, sasa anayo na anaitumia. Weka sahihi yako. Atakuuliza kwa nini. Sema ulikosea, na unakubali utakalopewa. Habari za upweke usimweleze huyo. Siyo aibu, ila haimhusu, na watu wa ofisi wanajua kuifanya habari ya mtu kuwa kitafunwa cha chai. Labda atakupa barua ya onyo, labda atakufokea, labda makubwa zaidi. Kazi utapata nyingine ukiikosa hii, mtu anayejua kupunguza uzito wa vitu hakosi wa kumwajiri. Lakini sahihi yako chini ya uongo uliomtoa mama kazini, hiyo hutaipatia dawa.

Nina moja la kwako binafsi. Umesema unakaa benchi la nyuma, misa ikiisha unatoka. Jumuiya ya mtaa wenu inasali nyumba kwa nyumba kila wiki, mimi ni Mwislamu na ninalijua hilo, kwa sababu majirani zangu wanapita na viti vyao vya plastiki vichwani. Muulize katekista ni siku gani. Ikifika zamu ya kusalia kwako, fungua geti, pika maharage ya kutosha, watu wakae mpaka wakuchoshe. Utalalamika kwamba wanachafua sakafu. Hapo ujue umeanza kupona.

Sasa Bi Mwanajuma anaweza kukasirika. Ana haki. Anaweza kukata simu, na akikata usimfuate siku hiyo kwa machozi, maana utamlazimisha akubembeleze wewe wakati aliyekosewa ni yeye. Muache. Kesho yake mpigie tena, umwamkie, umuulize hali, usiguse ripoti, usimuulize kama amekusamehe, umuage. Na keshokutwa vilevile. Akipokea, vizuri. Asipopokea, umeshamwonyesha kwamba kumbe unaweza kumtafuta huku huhitaji kitu, na hilo yeye amekufanyia tangu siku ya kwanza.

Kwa maana nimeisoma barua yako yote nikirudia, mpaka miwani imenichosha. Nimeona alivyokupigia asubuhi, alivyokupigia na mvua, alivyokupigia na simu mpya. Nilikuwa natafuta siku ambayo wewe ulimpigia yeye. Sijaiona hata moja, binti yangu. Namba yake unayo.